Siri ya Mteja, Siri ya Mshauri: Kisa cha Mswada Uliokwama Sura ya Saba

Mama huyu alistaafu kazi ya ushauri nasaha akiwa na miaka 68, na wiki ileile alinunua daftari. Nalijua hilo kwa sababu nilianza kazi chini ya usimamizi wake. Kwa miaka mingi nilimpelekea kesi zilizonishinda, akanisikiliza saa nzima, kisha akaniuliza swali moja ambalo nilikuwa nimelikwepa. Aliponipigia simu kuniomba nisome mswada wa maisha yake, viti viligeuka: sasa yeye ndiye aliyeleta kesi, na kesi yenyewe ilikuwa yeye.

Ninaandika kisa hiki kwa idhini yake. Amesoma kila aya na kufuta alichotaka kifutwe, na yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha au kuyaacha. Kuhusu mgonjwa wa sura ya saba, siri yake haimo humu. Msomaji akiona pengo mahali hapo, ajue ni la makusudi.

Njia aliyopita

Alianza kama muuguzi miaka ya 1970, katika wodi ya wanaume, zamu za usiku zaidi kuliko za mchana. Huko ndiko alikojifunza kuandika, ingawa hakuna aliyeiita kazi ile uandishi. Joto la mwili, mapigo ya moyo, kiasi cha mkojo, dawa iliyotolewa na saa yake, sahihi. Ripoti ya zamu haina nafasi ya neno "mimi". Haisemi muuguzi aliogopa, wala kwamba alisimama dirishani dakika tano kabla ya kumfunika marehemu. Inasema mgonjwa amefariki, saa fulani, na ndugu wamejulishwa. Aliandika hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, na aliandika vizuri sana.

Kisha ukaja UKIMWI. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1983, na mwaka 1985 kikapatikana kipimo cha damu. Dawa ya kwanza, AZT, iliidhinishwa mwaka 1987, lakini nguvu yake peke yake ilikuwa ya muda. Matibabu ya dawa kadhaa kwa pamoja, yaliyoanza kuwarudisha watu kutoka mlango wa kaburi, yalikuja mwaka 1996. Ukihesabu kutoka kipimo hadi matibabu hayo unapata miaka 11. Kwa miaka hiyo yote mhudumu wa afya aliweza kumwambia mtu anaumwa nini, lakini cha kumpa kilikuwa kidogo mno. Wengi wetu tuliokuja baadaye hatuielewi hali hiyo kwa mwili wetu. Tulikuta dawa kabatini. Wao walikuta kiti tu: ukae juu yake, umtazame mtu, usikimbie.

Katika miaka hiyo ndipo kazi ya kumwandaa mtu kabla ya kipimo na kukaa naye baada ya majibu ilipoenea, na mama huyu akatolewa wodini kwenda kusomea ushauri nasaha. Alimsoma Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1957 kwamba mteja hubadilika pale mshauri anapokuwa mkweli ndani yake mwenyewe, anapomthamini mteja bila masharti, na anapoingia katika ulimwengu wake kana kwamba ni wake. Hayo mawili ya mwisho aliyashika mara moja, kwani uuguzi ulikwisha kumfundisha. Lile la kwanza, ukweli wa mshauri ndani yake mwenyewe, ndilo lililorudi kumdai miaka 30 baadaye.

Imani ilikuwapo tangu mwanzo. Alikuwa Mkristo wa kusali alfajiri, na aliwaombea wagonjwa waliomwomba, hakuwasukuma wengine. Miaka yake ya mwisho kazini aliifanya katika huduma ya kiroho ya hospitali, akikaa na watu wa dini zote na wasio na dini. Alikuwa akitukumbusha habari za Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyelazwa hospitali ya magonjwa ya akili mwaka 1920, akapona, na mwaka 1925 akaanza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia wodini, kati ya wagonjwa. Boisen aliwaita wagonjwa "hati hai za kibinadamu": msome mtu kwa uangalifu uleule unaousomea maandiko. Mama huyu aliupenda usemi huo kuliko mwingine wowote. Nami nadhani ndio uliompa wazo kwamba siku moja ataandika.

Njia kama hiyo, kutoka uuguzi hadi mambo ya roho hadi kalamu, wapo waliomtangulia kuipita. Cicely Saunders alikuwa muuguzi, kisha mhudumu wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua kituo cha St Christopher's mjini London kwa ajili ya watu walio karibu kufa. Alikuwa mtu wa imani, na aliandika maisha yake yote. Alisema maumivu ya anayekufa ni maumivu kamili: ya mwili, ya nafsi, ya uhusiano wake na watu, na ya roho, yote kwa pamoja. Namtaja hapa kwa sababu watu huiona njia ya namna hii kama kutangatanga, mara hospitali, mara kanisa, mara kalamu. Mimi naiona kama mtu anayefuata maumivu yaleyale kila yanapohamia.

Sura ya saba

Sura sita za kwanza zilikuwa nzuri. Utoto, chuo cha uuguzi, mwili wa kwanza aliouosha. Sura ya saba ilihusu kijana mmoja aliyelazwa mwishoni mwa miaka ya 1980, akapimwa, akapata majibu, na usiku mmoja akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alimwomba asilitoe. Alifariki siku chache baadaye. Mama huyu alilitunza jambo hilo kwa zaidi ya miaka 30, hata mumewe hakulisikia, na sasa lilikuwa limeandikwa kwa ukamilifu kwenye kurasa 19 mbele yangu.

Kuandikwa, liliandikwa kwa ustadi. Hata hivyo aliiandika sura hiyo mara tatu na kila mara ilimshinda kumaliza. Alinipa ili nimwambie kasoro iko wapi.

Nilianza na lililo dhahiri. "Mama, hii ni siri yake."

"Nimebadili jina, mwanangu. Nimebadili na kazi yake. Na amekwisha kufa."

Hoja hizo mbili, jina lililobadilishwa na mtu aliyefariki, zitampata kila mstaafu wa fani hii atakayeshika kalamu, kwa hiyo nitakaa nazo kidogo.

Kufariki kwanza. Kiapo cha Hippocrates kilikwisha kumfunga mganga kunyamazia anayoyaona na kuyasikia. Tamko la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka 1948, lilirudia wajibu huo, na mwaka 1968 likaongezewa maneno kwamba siri hutunzwa hata baada ya mgonjwa kufa. Ninaona busara kubwa katika nyongeza hiyo. Aliye hai anaweza kubadili mawazo, akasema, "Sasa andika." Aliyekufa hawezi tena. Kifo hakikufungua sanduku la kijana yule. Kilimwondoa mtu pekee aliyekuwa na ufunguo.

Kuna mfano mmoja ambao fani yetu bado inaubishania. Mshairi Anne Sexton alijiua mwaka 1974. Wasifu wake ulipochapishwa mwaka 1991, ilijulikana kwamba daktari wake wa akili wa zamani, Martin Orne, alikuwa amempa mwandishi kanda za mazungumzo yao ya matibabu, mamia ya saa. Binti wa mshairi, msimamizi wa urithi wake wa kimaandishi, aliridhia. Orne alijitetea kwamba Sexton mwenyewe angependa kanda zile ziwasaidie wengine. Huenda alikuwa sahihi kuhusu Sexton, mwanamke aliyeyaweka maisha yake ya ndani katika mashairi na kuyasoma hadharani. Lakini kijana wa sura ya saba hakuandika shairi wala kusoma chochote mbele ya watu. Alichofanya ni kumnong'oneza muuguzi mmoja usiku na kusema usitoe. Ukitaka kukisia angependa nini, kisio lipo tayari, kwa sauti yake mwenyewe.

Halafu jina. Kubadili jina ndiyo dawa ya kwanza kila mtu anayoikimbilia, na ni dawa hafifu. Nilimwonyesha mistari mitatu katika sura yake: wimbo ambao kijana alikuwa akiuimba kwa sauti ya chini, jambo moja kuhusu mkono wake, na namna alivyomwita dada yake. Mistari hiyo mitatu ndiyo iliyomfanya awe hai kwenye karatasi. Na hiyo mitatu, dada yake akiisoma, hahitaji jina. Hapo ndipo uandishi na ushauri nasaha hugongana uso kwa uso: kile kinachomfanya mtu aonekane kwa msomaji mgeni ndicho kinachomfichua kwa ndugu. Ukikiondoa, mtu anakufa ukurasani, ukikiacha, umemsaliti.

Kuna wakati njia ya katikati hupatikana, kwa kuunganisha wagonjwa wengi kuwa mmoja na kumwambia msomaji wazi kwamba umefanya hivyo. Tulijaribu. Haikufaa, maana siri yenyewe ndiyo iliyokuwa ya pekee.

Alichokuwa anakikwepa

Hadi hapa ni kisa cha maadili ya kazi tu, na ningeweza kumwambia atoe sura, tukaishia hapo. Kilichonisumbua ni aya ya mwisho. Katika kila andiko kati ya yale matatu, sura ilikwisha kwa sentensi ileile: "Usiku ule Mungu alinipa nguvu." Kisha nukta, na kimya. Mwanamke aliyekuwa amenipa kila kitu kwa undani, hadi rangi ya shuka, alikimbia kutoka chumba kile kwa maneno matano.

Nilimuuliza kwa namna aliyonifundisha mwenyewe. "Mama, baada ya kijana kukwambia, wewe ulifanya nini?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kijana alimwomba amwombee, naye akashindwa. Alifungua mdomo, pakawa hapana kitu. Alitoka nje, akasimama koridoni, na aliporudi kijana alikuwa amegeukia ukutani. Alipofariki, ripoti ya zamu ilisema: mgonjwa ametulia, amefariki saa 10 alfajiri. Kuanzia usiku ule, aliniambia, aliendelea kuomba na wagonjwa kwa miaka karibu 15 huku yeye mwenyewe haamini kwamba kuna anayesikia. Hakumwambia mumewe, wala mchungaji wake, wala msimamizi wake. Sisi tuliokuwa chini yake tulimwona kama mwamba.

Nilivyoelewa kisa chote, na ninavyokielewa hadi leo: alikuwa akitoa siri ya mteja ili asitoe yake. Kurasa 19 za kijana zilikuwa pazia. Hakufanya hivyo kwa hila, hana hila huyu mama. Fani tatu alizozipenda zote zilimfundisha kujificha, kila moja kwa namna yake. Ripoti ya zamu ilimfundisha kwamba muuguzi hayumo kwenye habari. Ushauri nasaha ulimfundisha kwamba muda wa mteja si mahali pa kuleta yako, jambo ambalo ni sahihi ndani ya chumba cha ushauri, na sumu ukilibeba nje maisha yako yote. Na kanisani alijifunza ushuhuda, ambao una umbo lake: nilikuwa katika shida, nikalia, Bwana akanijibu. Ushuhuda unaokatika kabla ya jibu hausimuliwi mbele ya watu. Kwa hiyo jibu likaandikwa, ingawa usiku ule halikuja.

Mashaka kama yake yamechunguzwa. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 596 wa miaka 55 na zaidi waliofuatiliwa kwa takriban miaka miwili. Waliokuwa na mapambano ya kidini, mathalani kuhisi Mungu amewaacha au hawapendi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa hata baada ya hali zao za afya kuzingatiwa. Nilipomwambia alicheka kidogo kwa uchungu. Alikuwa akiwauliza wagonjwa maswali hayohayo, na kuwaandikia rufaa ya kuonana na mchungaji, huku yeye hana wa kumwandikia.

Kosa langu

Nikafanya haraka. Nilimpa zoezi linalofahamika: andika dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu usiku ule, bila kujali tahajia wala mpangilio. Linatokana na jaribio la mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall lililochapishwa mwaka 1986, ambamo wanafunzi walioandika tukio zito pamoja na hisia zao walikwenda kliniki mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Watu huikumbuka nusu hiyo. Nusu nyingine ni kwamba mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Na mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa akili aliyewatetea wazee kwamba kuyapitia maisha ya nyuma ni jambo la kawaida na wala si dalili ya akili kuchoka, alionya palepale kwamba mapitio hayo yanaweza kumtumbukiza mtu katika hatia na kukata tamaa.

Niliyajua haya yote. Nilimpa zoezi lile hata hivyo, na nikamwacha peke yake nalo, kwa kuwa machoni pangu alikuwa bado mwalimu wangu na mwalimu hahitaji kushikwa mkono. Siku ya tatu hakulala. Siku ya nne binti yake alinipigia simu. Mteja mwingine yeyote ningemuuliza kwanza: unalalaje, uko na nani nyumbani, nani utamwita yakizidi? Yeye sikumuuliza hata moja. Ninaliandika hili kwa ajili ya washauri wenzangu walio na wastaafu wanaowaheshimu. Heshima ilinifanya nimtendee kwa uangalizi mdogo kuliko mgeni.

Tulisimama wiki sita. Alimpata mshauri wake mwenyewe, mtu asiyenijua mimi wala kazi yake ya zamani. Alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Alisema anayajua maswali yote kabla hayajaulizwa. Mshauri huyo, ninavyosikia, hakuuliza mengi.

Tulichokifanya na mswada

Kurasa 19 zilitoka. Hakuzichana mbele yangu wala sikumtaka afanye hivyo. Zina mahali pake na si kitabuni. Tulipita sura zote tukitenganisha kilichotokea kwa mgonjwa na kilichotokea kwa muuguzi, kwa kalamu mbili za rangi tofauti. Kilichotokea kwa mgonjwa kilibaki tu pale ambapo yeye au ndugu zake walikuwa wamekisema hadharani, au pale walipopatikana na kuridhia. Ilikuwa kazi ya kuchosha na yenye huzuni, kwa sababu baadhi ya watu aliowapenda zaidi walitoweka kabisa kwenye kitabu. Aliniambia ni kama kuwazika mara ya pili. Sikuwa na jibu.

Ila kalamu ya pili ilianza kupata wino. Uuguzi uliokuwa umemfundisha kujifuta ulikuwa pia umemfundisha usahihi, na sasa ule usahihi aliugeuzia kwake mwenyewe: koridoni alisimama muda gani, mikono ilikuwa wapi, alisikia nini. Imani nayo ilimrudia kupitia kitu ambacho ushuhuda haukumpa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inakwisha gizani, bila mstari wa ushindi, na bado imo ndani ya Maandiko. Alikuwa ameisoma mara nyingi kitandani kwa wagonjwa. Hakuwa ameisoma kama mwandishi anayetafuta ruhusa ya kumaliza sura bila jibu.

Tulibishana juu ya jambo moja tu. Nilitaka aseme kitabuni iwapo amerudi kuamini. Alikataa. Alisema msomaji aliyeketi usiku na mgonjwa wake atataka kujua yule muuguzi alivyokaa katika miaka 15 ile, na kwamba sura ikimkimbiza hadi mwisho wenye nuru itakuwa imetenda kosa lile la mwanzo. Nimelifikiria sana na nakubali alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa nautaka ushuhuda.

Mwezi uliopita alinitumia sura ya saba mpya. Ina kurasa tatu. Kijana yumo kama "mgonjwa" tu, hana umri, hana wimbo, hana mkono. Chumba kimo, saa imo, koridoni kumo. Sentensi ya kwanza ni neno moja: "Sikuomba."